Ukikutana na “get”, Tazama Kinachofuata

Katika vitenzi vyote vya Kiingereza, kinachowatoa watu wetu jasho zaidi kina herufi 3 tu: “get”. Shuleni tuliambiwa maana yake ni kupata, tukaandika daftarini, tukaamini. Kisha tukakutana na “get up”, ambapo mtu anaamka na hakuna alichopata. Tukakutana na “get angry”, mtu kakasirika. “Get home”, mtu kafika nyumbani. Na “get lost”, mtu kapotea, jambo lililo kinyume kabisa cha kupata. Wengi hapo hufunga daftari wakasema lugha hii haina mpango, ni ya kukariri tu.

Mpango upo. Ushauri wangu mkubwa ni mmoja, na mengine yote nitakayosema yanatokana nao: ukikutana na “get”, usikimbilie kuuliza maana yake nini, tazama kwanza limekuja neno la aina gani baada yake. Likija jina la kitu, maana ni moja. Ikija sifa, maana ni nyingine. Pakija mahali, nyingine tena. Na sisi wasemaji wa Kiswahili tuna bahati hapa, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi ambayo Mwingereza anaifanya kwa “get”, sisi tunaifanya kwa kubadili mwisho wa kitenzi. Mtoto mdogo wa Tanga au Mombasa anajua tofauti ya kuvunja, kuvunjwa na kuvunjika bila kufundishwa na mtu. Ujuzi huo huo ndio utakaotufaa.

Tuanze pale ambapo kupata kunafaa. “Get” ikifuatwa na jina la kitu, mara nyingi ni kupata, kupokea, kununua au kuleta. “She got a job” ni alipata kazi. “I got your letter” ni nilipokea barua yako. “Get some sugar on your way home” ni nunua sukari ukiwa unarudi. Akitajwa mtu kwanza, kisha kitu, basi ni kule kutendea kwetu: “get me that chair” ni niletee kile kiti, “get her a doctor” ni mtafutie daktari. Hapa hakuna mwenye taabu.

Taabu huanza tunapogeuza njia, yaani tunapotoka kwenye Kiswahili na “kupata” yetu tukadhani kila mahali itapokelewa na “get”. Kupata kwetu ni kupana mno. Kisu chenye makali tunasema kinapata. Chai tunapata, mtoto tunapata, ajali tunapata, hasara tunapata. Kiingereza hakitufuati huko kote. Dada yako akijifungua, “she had a baby”. Ukisema “she got a baby”, mtu wa London atajiuliza mtoto huyo katoka wapi. Dereva akigongana na mwenzake, “he had an accident”. Sentensi ya “I got an accident” inasikika kila siku Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, na ni kupata ajali kulikovishwa maneno ya kigeni. Mfanyabiashara akipata hasara, “he made a loss”. Akipata faida, “he made a profit”. Chai ya saa nne watu “have tea”, na wakisema “let's get some tea” wanamaanisha twende tukainunue au tukaichukue. Kundi hili halina kanuni ya kukuokoa. Mtoto, ajali, hasara, faida na chai sharti uzishike moja moja, lakini ni chache, na ukizishika umeondoa makosa mengi kuliko unavyodhani.

Kupata mimba ni mtego wa aina yake. “Get” hapa inafaa, ila neno linalofuata lazima liwe sifa: “get pregnant”, wala si “get pregnancy”. Kwetu mimba ni kitu ambacho mtu anakipata au anakishika. Kwao ni hali ambayo mtu anaiingia.

Kuingia katika hali: hilo ndilo kundi ambalo ningependa msomaji akae nalo muda mrefu kuliko mengine yote. Kiingereza kina sifa nyingi sana, na kinapotaka kusema kwamba mtu ameanza kuwa na sifa fulani, kinachukua “get” na kuibandika mbele ya sifa hiyo. Kiswahili kina sifa chache za asili, lakini kina utajiri mkubwa wa vitenzi vinavyobeba hali ndani yake. Kwa hiyo “get” pamoja na sifa, mara nyingi kwetu ni kitenzi kimoja tu. “Get tired” ni kuchoka. “Get old” ni kuzeeka, “get thin” ni kukonda, “get wet” ni kulowa, “get drunk” ni kulewa, “get rich” ni kutajirika, “get angry” ni kukasirika. Usitafute kupata humo, hakumo. Hata ile kadi ya mgonjwa iliyoandikwa “Get well soon” kazi yake ni ile ile ya ugua pole yetu, ingawa yao inaharakisha kupona na yetu inampa mgonjwa pole.

Sasa angalia nyakati, maana hapa ndipo watu waliosoma hadi chuo kikuu bado wanateleza. Sisi tunasema nimechoka, kwa -me-, na mwalimu alitufundisha kwamba -me- kwa Kiingereza ni “have”. Kwa hiyo mtu anaandika “I have tired”, au anajisahihisha na kuandika “I have got tired”. Vyote viwili havimwelezi. Nimechoka inaeleza hali niliyomo sasa hivi, na Kiingereza kinaeleza hali iliyopo kwa “be”: “I am tired”. Ninachoka, yaani hali ndiyo inaanza kuingia, ni “I'm getting tired”. Nilichoka, kwa maana kwamba ilifika mahali uchovu ukanishika, ni “I got tired”. Zikariri hizo tatu pamoja, kwa sauti, mpaka zikujie zenyewe, kisha uzipitishe kwenye vitenzi vingine. Amekasirika, “he is angry”. Anakasirika, “he's getting angry”. Alikasirika, “he got angry”. Nimelowa, “I'm wet”. Ninalowa, “I'm getting wet”. Nililowa, “I got wet”.

Ukiielewa tofauti hiyo utaona makosa mengine yakianguka yenyewe, hata yasiyo na “get” ndani yake. Mtoto amelala ni “the child is asleep”, na anayesema “the child has slept” anaeleza kwamba usingizi umeshakwisha. Nimeshiba ni “I'm full”. Nimeelewa ni “I understand”, au katika mazungumzo ya kawaida “got it”. Na kwa hili la mwisho vijana wetu wako karibu sana na Kiingereza bila kujua: wanaposema “nimekupata” wakimaanisha nimekuelewa, ni njia ile ile ya “I get you”.

Kuna wakati -me- na “have” hukutana kweli, nao ni pale mabadiliko yenyewe yanapokuwa ndiyo habari. Jirani uliyemwacha mwembamba ukarudi ukamkuta kanenepa, unaweza kumweleza mtu mwingine kwamba “he has got fat”. Lakini usimwambie mwenyewe. Kwetu bado wako wazee wanaomsalimu mgeni kwa kumwambia umenenepa, nao wanamsifu, wanamaanisha maisha yamekukubali. Mwingereza au Mmarekani akiambiwa “you've got fat” atanyamaza na moyo umemuuma. Sema “you look well”, na upendo uliokusudia utafika.

Hali ya hewa na mwendo wa siku vina sharti lake dogo. Sisi tunasema kunakucha, giza linaingia, baridi inazidi. Mwingereza anatanguliza “it” isiyomtaja mtu wala kitu: “it's getting light”, “it's getting dark”, “it's getting cold”. Usiulize “it” hiyo ni nani. Iweke tu, kama sisi tunavyoweka ku- kwenye kunakucha bila kumuuliza mtu ni nini kinachokucha. Na ukitaka ile zidi yetu, rudia sifa ya kulinganisha mara mbili: bei zinazidi kupanda ni “prices are getting higher and higher”.

Si kila hali inaingiwa kwa “get”, na ni haki nikwambie mapema. Chakula kikiharibika, “it goes bad”. Mtu akipofuka au akipata upara, “he goes blind”, “he goes bald”. Usingizi na mapenzi mtu anayaangukia: “fall asleep”, “fall in love”. Kuugua kuna njia mbili, “get sick” ya mazungumzo na “fall ill” iliyotulia zaidi. Zipo chache za namna hii, nazo zinakaa kichwani kwa kusoma sana kuliko kwa kukariri.

Kwa mahali, maneno machache yanatosha. “Get” ikifuatwa na mahali ni kufika, na mahali hapo panatanguliwa na “to”: “we got to Dodoma at night”. Maneno matatu yanaikataa hiyo “to” kabisa, nayo ni “home”, “here” na “there”. Sema “I got home”, usiseme “I got to home”. Ukipenda kutumia “reach”, kumbuka kwamba yenyewe haitaki “to” mahali popote: “we reached Dodoma”. Wengi wetu tunachanganya hizi mbili na kupata “reached to Dodoma”.

Njiani napo pana kanuni ambayo mtu yeyote anayepanda magari ataipenda. Kupanda na kushuka, kwa chombo ambacho ndani yake unaweza kusimama na kutembea, ni “get on” na “get off”: basi, treni, ndege, kivuko. Daladala na matatu nazo zimo, hata ile ambayo ukisimama kichwa kinagonga dari. Kwa chombo unachoinama na kujipenyeza ndani, yaani teksi au gari dogo la mtu, ni “get in” na “get out”. Mtumbwi ni “get in”. Bodaboda, baiskeli na punda, kwa kuwa unakaa juu yake, ni “get on”. Neno “alight”, linalopendwa sana Kenya kwenye mabango na katika mazungumzo ya kituoni, si kosa, lakini ni la maandishi rasmi. Rafiki akikuuliza utashukia wapi, “I'm getting off at the next stop” ndilo jibu la kawaida.

Twende kwa kutendwa. “Get” ikifuatwa na kitenzi chenye umbo la tatu, lile linaloitwa “past participle”, inafanya kazi ya -wa na -ka zetu. “Get paid” ni kulipwa, “get hurt” ni kuumia, “get stuck” ni kukwama, “get arrested” ni kukamatwa. Ungeweza kusema “he was arrested”, na maana ingebaki pale pale. Lakini “he got arrested” ina harufu ya mazungumzo, na mara nyingi inaonyesha kwamba jambo limemkuta mtu ghafla, la heri au la shari, zaidi la shari. Gazeti litaandika ya kwanza, jirani atakusimulia kwa ya pili.

Kosa linalonisikitisha kuliko yote limo humu, kwa sababu hutokea mtu akiwa na machungu na anahitaji kusikilizwa. Ameibiwa simu, amekwenda kueleza kwa Kiingereza, anasema “I was stolen my phone”, au kwa kifupi “I was stolen”. Kiswahili kinaruhusu mtu aibiwe kitu: yeye ndiye mtendwa, na simu inafuata nyuma. Kiingereza kinataka kinachoibiwa kiwe simu yenyewe. “I was stolen” ni kwamba mimi mwenyewe nimebebwa. Sema “my phone got stolen”, au ukitaka kuanza na wewe, “I got robbed”, nimeporwa, kisha utaje walichochukua. Mtu akipanga safari ya ughaibuni, hii ni sentensi ya kuijua kabla ya kupanda ndege.

Ndoa nayo inahitaji uangalifu. Kiswahili kinatofautisha anayeoa na anayeolewa. “Get married” haitofautishi, bwana na bibi wote wawili “got married”. Ukimtaja mwenzi, tumia “to”: “she got married to a teacher”. Hakuna “with” hapo, japokuwa kuoana na kunatuvuta kuiweka. Au acha “get” kabisa na useme “she married a teacher”, bila kiunganishi chochote katikati.

Kuna umbo jingine la kutendwa ambalo sisi hatulisemi waziwazi, na kwa hiyo tunalisahau. Mwanamke anasema naenda kusuka, na kila mtu anajua atasukwa na msusi. Tunasema nimeshona kitenge, na sindano hatukuigusa, kazi ni ya fundi cherehani. Tunasema nimetengeneza gari, na aliyelala chini ya gari ni fundi. Kiswahili kinamwachia msikilizaji aelewe. Kiingereza kinapenda kuonyesha kwamba kazi ilifanywa na mwingine kwa ajili yako, na kinaonyesha kwa kuweka kitu katikati, halafu kitenzi cha umbo la tatu mwishoni: “I'm getting my hair braided”, “I got a dress made”, “I got the car fixed”. Ukisema “I fixed the car”, mwenzako atakuomba ukamtengenezee na la kwake. Zoea mpangilio huu, maana maisha yetu ya kila siku yamejaa mafundi, na bila huu hutaweza kuyasimulia vizuri.

Kama kilicho katikati ni mtu, kisha likafuata “to” na kitenzi, basi ni kule kufanyisha kwetu, lakini kwa ushawishi. “I got him to sign” ni nilimshawishi hadi akasaini. Linganisha na wenzake wawili: “I made him sign”, nililazimisha, na “I had him sign”, nilimwambia asaini kwa kuwa ni kazi yake au nina mamlaka hayo. Hao wawili hawataki “to”, “get” inaitaka. Bibi aliyemfanya mjukuu mkaidi anywe dawa kwa kumbembeleza “got him to take the medicine”. Angembana pua na kummiminia, “she made him take it”. Katika barua ya kazi au maelezo ya polisi tofauti hiyo inaweza kuwa nzito.

Inabaki “get” iliyofuatwa na “to” na kitenzi bila mtu kati. Hiyo ni kubahatika, kupata nafasi: “I got to see the mountain” ni nilibahatika kuuona mlima. “Get to know” ni kufahamiana pole pole. Usiichanganye na “have got to”, ambayo ni lazima: “I've got to go”, sina budi niende.

Hapa nieleze hilo “have got”, kwa sababu linawavuruga hata walimu. “I've got two children” inaonekana kama nimepata watoto wawili, lakini maana yake ni nina watoto wawili, basi. Waingereza wanalitumia hivyo kuonyesha umiliki wa sasa. Wamarekani wana njia ya kutenganisha: “I've got a car”, ninalo gari; “I've gotten a car”, nimepata gari. Baadhi ya watu husema “gotten” ni uharibifu wa Wamarekani. Si kweli. Umbo hilo ni la zamani, limo katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611. Waingereza ndio walioliacha baadaye, na mabaki yake wanayo bado katika “forgotten” na “ill-gotten”. Ukiandikia mtihani wa Tanzania au Kenya, ambako tunafuata Kiingereza cha Uingereza, andika “got”. Ukiishi Marekani, sema “gotten” bila wasiwasi. Usizichanganye tu ndani ya insha moja.

Sasa tufike kwenye vile viambatisho vidogo, “up”, “off”, “over”, “by”, “away”, ambavyo hutungwa katika mitihani. Katika KCSE ya Kenya vitenzi vya aina hii huulizwa katika sehemu ya sarufi, na wanafunzi hukesha na orodha ndefu za kukariri. Sishauri hivyo. Orodha iliyokaririwa usiku inapotea asubuhi. Jifunze kila kimoja pamoja na tukio linalokigusa maishani mwako. Ukiwa na rafiki mnaelewana, mna “get along”. Na inapendeza kuona kwamba sisi nasi tumelitoa neno patana katika pata. Fedha ndogo lakini siku zinakwenda, “we get by”. Msiba umekupata na sasa moyo umeanza kutulia, “I'm getting over it”. Mtu kafanya kosa na hakuadhibiwa, “he got away with it”. Umepiga simu hukumpata, “I couldn't get through”. Unataka kujua mwenzako anazunguka wapi na maneno yake, “what are you getting at?” Na mwajiri akikuandikia “we will get back to you”, usikae mlangoni ukingoja aje, amesema atakujibu baadaye.

Kimoja kinahitaji neno la ziada: “get used to”, kuzoea. Kinafuatwa na jina au kitenzi chenye “-ing”: “I got used to waking up early”, nilizoea kuamka mapema. Ukiondoa “get” na ukaandika “I used to wake up early”, umesema zamani nilikuwa nikiamka mapema, na sasa siamki tena. Sentensi mbili zinafanana kwa macho na zinapingana kwa maana.

Adabu nayo isisahaulike. Mswahili akitaka maji anasema naomba maji, na naomba hiyo imebeba heshima yote inayohitajika. Akiingia katika Kiingereza, ama anaiacha na kusema “get me water”, ambayo ni amri ya mkubwa kwa mdogo, ama anaitafsiri kwa “I beg for water”, ambayo ni kilio cha mwenye kiu jangwani. Tumia “could I have some water, please?” Vijana na Wamarekani husema “can I get a coffee?” na inakubalika mkahawani, ingawa kwa wazee wa Uingereza ile ya kwanza ni salama zaidi.

Kwa maandishi rasmi, walimu wengi huwakataza wanafunzi “get” kabisa. Wana sababu: barua ya maombi iliyojaa “got” inaonekana ya haraka haraka. Andika “I received your letter”, “I obtained a diploma”, “the situation became worse”, “we arrived in Arusha”. Lakini katazo hilo lina mpaka. Nimesoma barua za vijana ambamo watu “obtain a cold” na “become married”, na hofu ya neno moja imeharibu sentensi nzima. “Get married”, “get up” na “get ready” ni Kiingereza safi hata mbele ya waziri. Na katika mtihani wa kuzungumza, kama ule wa IELTS unaochukua dakika 11 hadi 14, anayekwepa “get” anasikika kama anayesoma tangazo.

Matamshi pia yana lake. Ulimi wetu unapenda irabu mwishoni, na “get” ikipewa irabu inakuwa geti, nasi geti ni mlango wa ua. Kata sauti kwenye t. Lakini neno likifuatwa na irabu, iunganishe: “get up” isikike kama getap, neno moja. Kwa Mmarekani t hiyo hulainika ikakaribia r yetu nyepesi, ndiyo maana “get it” katika filamu unaisikia gerit na unadhani ni neno usilolijua.

Kuhusu kamusi: ya Kiingereza kwa Kiswahili ni nzuri kwa kuanzia, lakini kwa kitenzi kama hiki tafuta pia kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa ajili ya wageni wa lugha hiyo. Mashuhuri zaidi ilianzishwa na A. S. Hornby, Mwingereza aliyekuwa akifundisha Japani. Ilichapwa kwanza Tokyo mwaka 1942, na Oxford wakaitoa mwaka 1948. Hornby aliwaona wanafunzi wake wanajua maana ya vitenzi na bado hawawezi kuvitungia sentensi, kwa hiyo akaonyesha kila kitenzi kinafuatwa na nini. Ndicho unachokihitaji. Wala usivunjike moyo ukikuta maelezo ya “get” yanachukua ukurasa baada ya ukurasa. Peter Gilliver, mmoja wa wahariri wa kamusi kuu ya Oxford, alitumia miezi 9 juu ya kitenzi “run” peke yake, akatoka na maana 645.

Kwa mazoezi, simulia asubuhi yako. “I got up at six, got dressed, got the children ready, got on a bus, got stuck in traffic and got to work late.” Niliamka saa 12, nikavaa, nikawaandaa watoto, nikapanda basi, nikakwama kwenye foleni, nikafika kazini nimechelewa. Vitenzi sita vya Kiswahili, na kwao ni kimoja, kila mara na neno jingine nyuma yake. Badilisha yaliyomo yawe yako: kama unakwenda shambani weka shamba, kama unapanda bodaboda weka bodaboda. Kesho yake iandike sentensi hiyo kwa kukanusha, “I didn't get up at six”, na siku inayofuata kwa kuuliza, “did you get up at six?” Hapo ndipo “didn't got” na “did you got” zitakapojitokeza kalamuni. Zifute papo hapo, maana wakati uliopita umeshabebwa na “did”, na “get” inabaki kama ilivyo.